Sosholojia Ianzie Mtaani: Hoja ya Kuujenga Upya Msingi wa Shahada ya Kwanza

Ikisiri

Makala hii inajadili ufundishaji wa sosholojia katika shahada ya kwanza kwenye vyuo vikuu vya Tanzania. Inadai kwamba thamani ya shahada hiyo imo katika ustadi wa kuichunguza jamii kwa kuitazama, kuisikiliza, kuihesabu na kuilinganisha, na kwamba ustadi huo hupatikana kwa kuufanyia kazi tangu muhula wa kwanza. Mtaala unaotanguliza nadharia na kuuacha utafiti hadi mwaka wa tatu unamnyima mwanafunzi kitu kilichoifanya taaluma hii iwepo. Hoja inajengwa kwa kurejea kazi za waasisi, historia ya utafiti wa jamii nchini, na mifano miwili ya karibu: hesabu ya kaya katika nyumba ya wapangaji, na vikundi vya upatu. Mwisho yanajibiwa mapingamizi manne na kutolewa mapendekezo.

1. Utangulizi

Mhitimu wa kidato cha sita anayetaka kusoma sosholojia huulizwa na wazazi swali moja: utafanya kazi gani? Vyuo navyo vina jibu lililo tayari: afisa maendeleo ya jamii, afisa ustawi wa jamii, mtumishi wa shirika lisilo la kiserikali, mtafiti msaidizi. Orodha hiyo ni ya kweli, lakini ni utetezi dhaifu. Kazi zote hizo hufanywa pia na watu waliosoma fani nyingine, na mwajiri hana sababu ya kumpendelea mwanasosholojia asipoona analoliweza yeye ambalo wengine hawaliwezi.

Jambo hilo lipo. Mwanasosholojia aliyefundwa vizuri anaweza kulichukua jambo ambalo kila mtu analilalamikia, akaligeuza kuwa swali linalochunguzika, akaenda kwa watu wanaohusika, na akarudi na jibu linaloweza kupingwa kwa ushahidi. C. Wright Mills, katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu fikra za kisosholojia, alilieleza kwa mfano wa ajira. Katika mji wa watu 100,000, mtu mmoja akikosa kazi tutaangalia tabia na ujuzi wake. Katika taifa lenye wafanyakazi milioni 50, milioni 15 wakikosa kazi, tabia ya mtu mmoja mmoja haiwezi tena kutueleza kitu. Lazima tuutazame mfumo wa uchumi wenyewe. Karibu kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huusoma mfano huu. Wachache hupata nafasi ya kuufanyia kazi wenyewe, katika mtaa wanaoujua, kabla hawajakaribia kuhitimu.

Katika mtaala uliozoeleka, mwaka wa kwanza ni wa utangulizi na nadharia, wa pili hubeba mbinu za utafiti, na wa tatu ndio wa mwanafunzi kufanya utafiti wake. Naamini mpangilio huu umekaa kinyume, na kwamba kuugeuza ndilo jambo kubwa kuliko yote tunaloweza kuifanyia shahada hii.

2. Nadharia zilizaliwa kazini

Tukiwasoma waasisi kwa makini, tunaona kwamba nadharia zao zilitokana na kazi ngumu ya kukusanya na kupanga ushahidi. Émile Durkheim alipochapisha uchunguzi wake wa kujiua mwaka 1897, alikuwa amepitia takwimu za nchi kadhaa za Ulaya, akisaidiwa na mpwa wake Marcel Mauss kuzichambua. Aliuliza kwa nini viwango vya kujiua vinatofautiana kati ya Waprotestanti na Wakatoliki, kati ya waseja na waliooa, na kwa nini tofauti hizo hudumu mwaka hadi mwaka ilhali watu wanaokufa si wale wale. Hoja yake kuhusu mshikamano wa jamii ilikuwa jibu la swali hilo. Mwanafunzi anayekariri aina za kujiua bila kuziona jedwali zilizozaa aina hizo amepewa jibu la swali asilolijua.

Mfano wa W. E. B. Du Bois unatugusa zaidi. Mwaka 1896 aliajiriwa kuwachunguza Wamarekani Weusi wa Wadi ya Saba mjini Philadelphia. Waliomwajiri walikuwa wameshaamini kwamba watu hao ndio tatizo la mji. Du Bois alihamia kwenye wadi hiyo, akapita nyumba kwa nyumba, akazungumza na maelfu ya watu, akachora ramani za makazi na hali za maisha. Kitabu chake cha mwaka 1899 kilionyesha kwamba umaskini na uhalifu uliokuwa ukilaumiwa ulitokana na historia ya utumwa, ubaguzi katika ajira na kodi kubwa za nyumba. Hitimisho hilo asingelifikia maktabani, kwa kuwa maktaba za wakati ule zilijaa maandiko yaliyodai kinyume chake.

Chuo Kikuu cha Chicago, kilichofungua idara ya sosholojia mwaka 1892, kilipata sifa yake miaka ya 1920 pale Robert Park alipowasukuma wanafunzi wake kwenda kuusoma mji. Nels Anderson alikuwa bado mwanafunzi alipokusanya habari za vibarua wasio na makazi ya kudumu, na kitabu chake kikatoka mwaka 1923. Barani Afrika, dhana ya sekta isiyo rasmi, ambayo leo haikosekani katika hotuba yoyote ya uchumi, ilitokana na utafiti wa Keith Hart miongoni mwa wahamiaji wa mtaa wa Nima, Accra. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira nchini Kenya, ya mwaka 1972, ndiyo iliyoisambaza. Takwimu rasmi ziliwaita watu wale wasio na kazi. Mtafiti aliyekaa nao aliwaona wakifanya kazi tangu alfajiri.

Sasa tutazame nadharia hizi zinavyomfikia mwanafunzi wetu. Mara nyingi humfikia kama madesa: kurasa za nukuu zilizotolewa kopi tangu darasa lililotangulia, zenye orodha za nani alisema nini. Mwanafunzi huzikariri, huzimwaga kwenye mtihani, na baada ya wiki mbili zimekwisha kusahaulika. Simlaumu yeye. Tumempa matunda ya utafiti bila utafiti, kisha tunashangaa kwamba hajui matunda hayo hupatikanaje.

3. Urithi tulio nao

Huenda msomaji akadhani utafiti wa mtaani ni utamaduni wa vyuo vya nje. Historia yetu inasema vingine. Mwaka 1903 kilichapishwa nchini Ujerumani kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichohaririwa na Carl Velten, ambacho sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Humo mna maelezo ya kina ya harusi, maradhi, ngoma, madeni na utumwa. Mtoro hakuwa na shahada ya sosholojia, na hakufanya hesabu wala ulinganishi kama tunavyovihitaji leo. Lakini nidhamu ya kwanza ya taaluma hii, ya kueleza kwa uaminifu kile ambacho watu wanafanya na namna wanavyokieleza wenyewe, aliimudu vema.

Miaka ya 1970 Tanzania ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo utafiti shirikishi ulizaliwa. Marja-Liisa Swantz, aliyewahi kuishi na Wazaramo wa pwani na kuandika kuhusu miviga na alama zao, alishirikiana na watafiti wa Kitanzania na wa Kifini katika mradi wa Jipemoyo, magharibi mwa Bagamoyo. Wanakijiji walishiriki kuuliza maswali na kuyajadili majibu, badala ya kujibu tu. Njia hiyo leo inafundishwa duniani kote, na inasikitisha kwamba mwanafunzi wetu anaweza kuisoma katika kitabu cha kigeni bila kujua kwamba chimbuko lake mojawapo liko umbali wa safari ya basi kutoka Dar es Salaam.

Wakati huohuo nchi ilijionea gharama ya kutouliza. Mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kuwa kuishi katika vijiji ni amri, na lengo likawa wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia ifikapo mwisho wa 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa. Lengo la kuwafikishia shule, zahanati na maji lilikuwa jema. Lakini katika sehemu nyingi nyumba zilipangwa kando ya barabara, mbali na mashamba, bila kuzingatia kwamba mpangilio wa zamani wa makazi ulikuwa na sababu: rutuba ya udongo, malisho, ulinzi wa mazao dhidi ya ngedere na nguruwe, makaburi ya wazee. Wapo waliokuwa wamekwenda kuuliza. Michaela von Freyhold, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alivichunguza vijiji vya ujamaa mkoani Tanga, na kitabu chake cha mwaka 1979 kinaonyesha jinsi tofauti za kipato na madaraka ndani ya kijiji zilivyoamua nani anafaidi kazi ya pamoja. Maarifa ya aina hiyo yalipatikana, ila waliokuwa wameandaliwa kuyatafuta, kuyasoma na kuyatumia katika wilaya zote walikuwa wachache mno. Kuwaandaa watu hao ndiyo kazi ya shahada ya kwanza.

4. Hesabu ya kaya moja

Nionyeshe ninachokimaanisha kwa zoezi dogo. Chukulia mwanafunzi wa muhula wa kwanza ametumwa kuhesabu kaya zilizomo ndani ya nyumba moja ya Kiswahili huko Buguruni. Nyumba ni ya kawaida: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani kuna choo, bomba na majiko ya mkaa. Mwanafunzi ameambiwa kwamba kaya, kwa kawaida ya sensa, ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Anadhani atamaliza kwa nusu saa.

Anabisha chumba cha kwanza. “Shikamoo, mama.” “Marahaba, mwanangu, karibu.” Mama anauza vitumbua asubuhi. Anapoulizwa anaishi na nani, anaanza kutaja, na kila jina linakuja na maelezo. Watoto wake wawili wanalala chumba cha mdogo wake, mlango wa tatu, kwa kuwa hapa hapatoshi. Mjukuu anakula kwake mchana, usiku anakula kwa huyo mdogo wake. Kuna kijana wa kaka yake aliyekuja kutafuta kazi na kufikia hapo kwa muda, na huu ni mwaka wa pili. Mume yuko Newala kwenye korosho, hutuma fedha msimu ukiwa mzuri. Mwanafunzi anafika kwenye swali la mkuu wa kaya. Mama anafikiri kidogo, kisha anajibu: “Baba yupo, ila hayupo.”

Jibu hilo lina sosholojia ndani yake, na hojaji haina kisanduku cha kulitia. Mwanafunzi sasa lazima aamue. Akifuata kigezo cha kulala, watoto wawili wanahesabiwa kwa mdogo wa mama. Akifuata kigezo cha kula, anapata kaya nyingine kabisa. Akimfuata anayetoa fedha, mkuu wa kaya yuko Newala mwezi mmoja na hayupo popote mwezi unaofuata. Akilinganisha na wenzake darasani, atagundua kwamba wanafunzi watatu waliopewa nyumba za aina hiyo hiyo wamehesabu kwa njia tatu.

Hapo ndipo mhadhara unapopata maana. Mwanafunzi huyu yuko tayari kusoma kitabu cha mwaka 1958 kilichohaririwa na Jack Goody kuhusu mzunguko wa makuzi ya kaya, kwa sababu ameshaona kwamba kaya hukua, hugawanyika na kukunjana upya kadiri watoto wanavyozaliwa, kuoa na kuhama. Yuko tayari kwa uhakiki wa wanawake waliopinga kuichukulia kaya kama kitu kimoja chenye masilahi mamoja, kwa sababu amesikia ni nani anayelisha na ni nani anayeandikwa mkuu. Anaelewa pia kwamba ufafanuzi una matokeo. Mpango wa kunusuru kaya maskini unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) hutoa ruzuku kwa kaya. Mtoto aliyeandikwa katika kaya ambayo hali humo anaweza kukosa anachostahili, na kosa hilo halitaonekana katika ripoti yoyote.

5. Mapingamizi

Pingamizi la kwanza linasema kwamba mwanafunzi asiye na nadharia hataona kitu mtaani. Lina uzito. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini aliyekilalia tangu utotoni naye huenda amewazoea kunguni hata hawasikii tena. Mwanafunzi aliyekulia Mbagala haoni ajabu yoyote Mbagala, na nadharia ndiyo inayomwezesha kuushangaa mtaa wake mwenyewe. Sipendekezi basi nadharia iondolewe. Napendekeza viende pamoja wiki kwa wiki: zoezi, kisha andiko linalolielezea, kisha kurudi mtaani na swali lililonolewa. Tatizo la kaya lililoelezwa hapo juu lilihitaji nadharia, na aliyelihitaji hatalisahau jibu lake.

Pingamizi la pili ni la idadi na fedha. Madarasa yana mamia ya wanafunzi, na wahadhiri ni wachache. Lakini zoezi la nyumba moja halihitaji basi wala posho. Wanafunzi wanaweza kufanya kazi kwa makundi ya watano, wakiripoti kwa wasaidizi wa wahadhiri. Zaidi ya hayo, kila likizo ndefu wanafunzi wetu hurudi Sumbawanga, Tarime, Masasi na Pemba. Ni taasisi chache za utafiti nchini zenye mtandao mpana kama huo, nasi tunauacha ulale.

Pingamizi la tatu ni la maadili, na kwangu ndilo zito zaidi. Maskini wa nchi hii wamehojiwa sana na kurudishiwa kidogo. Kuwamiminia vijana wasiokomaa ni kuwaongezea mzigo. Jibu ni kuanza na mambo yasiyomuumiza mtu: foleni ya kantini, mpangilio wa viti kwenye daladala, mgawanyo wa kazi katika nyumba aliyokulia mwanafunzi mwenyewe. Kubisha mlango wa mtu kuje baadaye, baada ya mafunzo ya kuomba ridhaa, kutunza siri na kukubali kukataliwa, na barua ya utambulisho ikiwa imeonwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mfumo wa sasa ni hatari zaidi, kwa sababu mtu wa kwanza ambaye mwanafunzi humhoji maishani mwake anaweza kuwa mjane au mgonjwa aliyechaguliwa kwa ajili ya utafiti wa mwaka wa tatu.

Pingamizi la nne linaturudisha kwenye ajira: waajiri wanataka ujuzi unaotumika, na muda wa mtaani ungetumika vyema kwa kompyuta na uandishi wa miradi. Tuipime hoja hiyo kwa kazi halisi. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 utaratibu huo ulisimamishwa kwa muda ili urekebishwe, baada ya malalamiko ya mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyokuwepo. Afisa maendeleo ya jamii, ambaye mara nyingi ni mhitimu wetu, hukaa katikati ya mambo hayo. Anapaswa kutambua kundi la kweli na kundi lililoundwa juzi ili kuvizia fedha. Katiba ya kikundi na muhtasari wa kikao havitamwambia, kwa kuwa vyote huandikwa kwa jioni moja.

Atakayemudu kazi hiyo ni yule aliyewahi kukaa na wanawake wa upatu na kuuliza kwa nini hawadhulumiani. Angejifunza kwamba mgeni hapewi zamu ya kwanza, kwamba kijumbe, yaani mkusanya michango, ndiye anayebeba aibu mtu akitoroka, kwamba zamu hubadilishwa mwenzao akifiwa, na kwamba kikundi huvunjika anapoingizwa mtu ambaye hakuna anayejua kwao. Mwaka 1962 Clifford Geertz aliviona vyama vya namna hii kama daraja la kuwavusha watu kutoka uchumi wa kijadi kuelekea benki, na Shirley Ardener akaihoji tafsiri hiyo miaka miwili baadaye. Zaidi ya nusu karne imepita, na watumishi wenye mishahara benki bado wanacheza upatu. Mwanafunzi akiuliza kwa nini, atakuwa ameingia katika mjadala halisi wa kitaaluma, na papo hapo atakuwa ameupata ujuzi ambao halmashauri inauhitaji. Kompyuta ataijifunza akiwa na data zake mwenyewe za kuchambua, na ataijifunza haraka zaidi.

6. Mapendekezo

Mwaka wa kwanza uwe wa kutazama na kueleza. Kila mwanafunzi achague mahali pamoja, parudiwe kwa wiki kadhaa, na daftari lake la uwandani lisahihishwe kwa uzito ule ule wa insha. Mwaka wa pili uwe wa kuhesabu na kulinganisha: hojaji fupi iliyotungwa na darasa, sampuli inayoeleweka, jedwali zinazochorwa kutokana na data za wanafunzi wenyewe, na kozi ya takwimu iliyofungamanishwa na kazi hiyo. Mwaka wa tatu uwe wa swali moja kubwa, ambalo mwanafunzi amelifikia kutokana na miaka miwili iliyotangulia, badala ya mada iliyookotwa wiki ya mwisho ya usajili.

Idara nazo zitunze kazi hizo. Madaftari na jedwali za wanafunzi wa mtaa mmoja, zikikusanywa mwaka baada ya mwaka, zitatupa kumbukumbu ya mabadiliko ya mtaa huo ambayo hakuna mradi wa miaka mitatu unaoweza kuipata. Na kila utafiti wa mwaka wa tatu uwe na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili unaosomwa mbele ya watu waliochunguzwa. Watu wakipinga, pingamizi lao liandikwe ndani ya ripoti, na mwanafunzi alijibu.

7. Hitimisho

Wanaoiona sosholojia kama shahada ya waliokosa nafasi kwingine wanatuhukumu kwa kile tunachokionyesha. Tukiendelea kumwonyesha mwajiri na mzazi mhitimu mwenye orodha ya majina ya Kizungu kichwani, hatuna haki ya kulalamika. Taaluma iliyowahi kuthibitisha kwamba kujiua kuna sura ya kijamii, kwamba watu wa Wadi ya Saba hawakuwa tatizo walilodhaniwa, na kwamba wanaoitwa hawana kazi wanafanya kazi mchana kutwa, inastahili kufundishwa kwa njia iliyoyaleta maarifa hayo. Mageuzi haya hayasubiri majengo mapya wala ufadhili. Yanahitaji idara ikubali kutoa alama kwa daftari la uwandani, na mhadhiri akubali kuanza wiki ya pili ya muhula kwa swali ambalo yeye mwenyewe hana jibu lake. Idara moja inaweza kuanza mwaka ujao wa masomo, kwa darasa moja na mtaa mmoja, na kuwaachia wahitimu wa darasa hilo wapimwe na waajiri pamoja na watu waliowachunguza.